Mkono wa Kushoto

Nilikosea kwa mkasi, sikukosea kwa nia.
Saa tatu usiku, Barabara ya Kumi na Mbili,
kitambaa cha Bi Mwanjaa mezani,
damu ya mzee, jora lenyewe lilishakwisha,
na fundi mwenye miaka ishirini na mitatu kwenye cherehani
akakata mikono miwili, yote ya kulia.

Nikakimbilia kwa Jayanti, amekwisha shusha nusu ya mlango,
kipande kiganjani.
Juu yetu taa ya tyubu, nyeupe,
inanguruma kama nyigu kwenye kopo.
Akatandika nusu mita juu ya kipande changu,
akasema, Tafuta mpaka.
Sikuuona. Naapa, sikuuona.
Hata Mwanasiti wangu, mwenye jicho la kuchambua mchele,
alivitazama chini ya tyubu ya dukani kwetu akasema,
Hivi ni pacha, shona ulale.

Harusi ilikuwa Chumbageni, ukumbi wa zamani,
balbu bado zile za waya, za manjano,
zinazompasha upara mpiga kinanda.
Bi Mwanjaa akainua mkono wa kulia kumtuza mwimbaji:
damu ya mzee, imetulia, imekaa.
Akainua wa kushoto:
damu mbichi,
ya ng'ombe wa Idi, ingali na moto.
Mkono mmoja shangazi, mkono mmoja mwari.

Wifi yake hakusema neno.
Alitazama huku, akatazama huku, akakohoa.
Kikohozi kile kikazunguka ukumbi
kama sinia la halua.

Nikatoka nje, penye nguzo ya manispaa.
Taa yake rangi ya chungwa lililolala,
na chini yake hapakuwa na rangi ya kugombea.
Pikipiki nyekundu ya Shemdoe, ugoro.
Shati langu la kijani, ugoro.
Hina ya yule binti anayenunua karanga,
karanga zenyewe,
ugoro.

Akanifuata hapohapo.
"Kibwana, umenifanya nini?"
Akanyoosha mikono yote miwili anionyeshe,
na mikono ikalingana.
Akaigeuza. Akaisogeza karibu na pua.
"Mbona hapa sioni?"

Ningeweza kunyamaza. Taa ilikuwa upande wangu.
Lakini ulimi una haraka zake:
Rudi ndani, nikamwambia, utaona.
Kesho nenda kwa Jayanti, hutaona.
Kisha simama juani
uniambie nimekudanganya chini ya taa ipi.

Alikuja saa nne asubuhi, gauni begani.
Juani tofauti ilikuwapo, ndogo,
kama ya ndugu wa mama mmoja.
Akafikiri sana. Akatoa pesa kwenye pindo la kanga,
akanilipa ujira wa mkono mmoja.

Sasa dukani nimetundika taa tatu.
Tyubu. Balbu ya waya, niliyoitafuta wiki nzima
kwa sababu siku hizi hawaiuzi.
Na kandili la marehemu mama, kioo kimeingia ufa.
Wateja wanacheka: fundi amekuwa mganga,
anakiagua kitambaa kabla hajakipima.
Wacheke. Nakipitisha chini ya kila moja,
nakiuliza, Na hapa wewe ni nani?

Kandili ndilo lililonichelewesha.
Nililiwasha mara ya kwanza usiku, peke yangu,
nikashika uzi wa bluu iliyoiva na uzi wa kijani kizito,
nikavilaza pamoja kwenye ule mwanga wa asali.
Vyote vyeusi. Hakuna wa kumwambia mwenzake pisha.

Darasa la tatu nilivaa kaptula ya bluu
iliyoshonwa kwa uzi wa kijani.
Shule nzima iliuona. Waliniita Mchicha
mpaka nikaanza kuitika.
Nilirudi nyumbani nikamkasirikia mama
siku nzima, na siku ya pili,
naye hakujua kwa nini.

Alikuwa ameulinganisha vizuri kabisa.